Mwende, Rubani Anatembea

Shoga yangu Mwende,

Mara ya kwanza nilipokuita hivyo ulishtuka, ukaniuliza kama nimekutukana. Wewe mtu wa Kitui, hukujua kwamba kwetu Kisauni mwanamke humwita hivyo rafiki yake wa ndani. Nilipokueleza ulicheka mpaka ukakaa chini, na tangu siku hiyo kila ukinipigia simu ukawa unaanza, "Shoga, uko wapi?" Leo naanza mimi.

Nina habari. Rubani anatembea. Kiunoni bado anayumba, na mguu wa kushoto anauburura akichoka, lakini anatembea mwenyewe, bila leso tumboni, bila mtu kumshika. Nimekaa na habari hii siku nyingi sina wa kumpa. Nikiwaambia watu hunisikiliza kwa adabu tu, kisha wanauliza bei ya nyanya. Wewe ungepiga vigelegele mpaka jirani wachungulie.

Tulikuzika kwenu Jumamosi, jua likiwaka. Nilikaa na wanawake wa kanisani kwenu, nimejitanda mtandio wangu, wakanipa chai na kunisogezea kiti kivulini. Wasemaji walisimama mmoja mmoja. Walisema ulivyoimba kwaya, ulivyomsomesha mdogo wako Mutinda. Mchungaji alikuita daktari mara nyingi, lakini hakuna aliyesema daktari wa nini, wala kutwa ulikuwa ukifanya nini na mikono yako. Nilitaka kusimama. Lakini Kikamba sikijui.

Ningewaambia ulivyokuja kwangu hospitali, wewe daktari wa wanyama, bega limekakamaa baada ya kupigwa teke na farasi. Kazi yangu ni viungo vya binadamu, waliopooza, waliovunjika, wazee wa magoti. Nilikuwa nikikunyoosha mkono nawe hunitazami usoni, watazama vidole vyangu. Wiki ya tatu ukasema, "Mikono hii inapotea kwa watu peke yao." Ukanipeleka ufuoni Bamburi kumwona Malkia, farasi wa Salim wa kupandisha wageni. Zamani alikuwa wa mbio huko bara, na sasa ukano wa mguu wa mbele ulikuwa umefura kama ndizi. Salim alishakata tamaa. Wewe ukanifunza kuupapasa ule mguu, wapi pana moto na wapi pamekuwa pagumu. Ukamwambia Salim amtembeze ndani ya maji ya bahari kila asubuhi, yamfike magotini, kisha amvushe juu ya vijiti ulivyovilaza mchangani, ajifunze upya kuinua kwato. Ukamchoma sindano zako nyembamba za Kichina, mimi nikamkanda. Ilichukua miezi. Siku Malkia alipokwenda mbio bila kuchechemea, Salim alilia mbele ya wageni wake na hakujificha.

Lakini mbwa, nilikwambia, usinitajie kabisa.

Kisha akaja Rubani. Alikuwa mbwa wa kunusa mizigo kwenye ghala moja kule Port Reitz, karibu na uwanja wa ndege, ndiyo maana ukampa jina hilo. Aliruka kutoka juu ya lori akatua vibaya. Kitu kikachomoka baina ya pingili za mgongo, miguu ya nyuma ikafa. Walikuletea umdunge sindano ya mwisho. Ukamfinya kidole cha mguu wa nyuma, akageuza kichwa akakutazama.

"Amesikia!" ukaniambia kwenye simu, kama mtoto aliyepita mtihani. "Shoga, akisikia maumivu kuna njia. Nimewaambia waniachie."

Nikaja kwako Kiembeni, nikakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, hatua nne kutoka kwake. Hukunilazimisha kusogea. Ulijua kwamba kwetu mbwa akikulamba ni kujiosha mara saba, na mojawapo kwa mchanga, na mama yangu pia ulimjua. Basi mimi nikawa nasema, wewe unafanya. Kunja goti. Shikilia. Hesabu mpaka kumi. Nyosha, taratibu, taratibu. Sasa wa kushoto. Ukimaliza unampanga sindano mgongoni mpaka anakuwa kama nungunungu, na mimi nacheka. Watu wawili kwa mgonjwa mmoja, miezi miwili. Ulipotutoka alikuwa anaweza kusimama kwa leso iliyopitishwa chini ya tumbo, tukihesabu mpaka ishirini kabla hajalala upande.

Siku nne baada ya maziko Mutinda alinipigia. Alikuwa amekuja kuhamisha vyombo vyako.

"Dada Mwanasha, huyu mbwa nimfanye nini? Mimi mbwa nawaogopa tangu utotoni. Na hali chakula. Tangu Alhamisi ile ya msiba hajala."

Mwenye nyumba alitaka nyumba yake mwisho wa mwezi. Daktari mmoja alikuwa amekubali kuja Ijumaa na ile sindano. Mutinda hakusema kwa ubaya, Mwende, alisema kama mtu aliyechoka. Nikajisikia nikimjibu, "Ijumaa hapana. Niachie mpaka mwisho wa mwezi." Nikakata simu, nikabaki nimeishika, najiuliza nimesema nini.

Mama nilimwambia jioni hiyo hiyo, akichambua mchele. Aliweka ungo chini.

"Mbwa? We Mwanasha? Na nyumba hini tuswaliyo?"

Nikamwambia haji nyumbani, nitamwendea mimi huko huko Kiembeni. Akauchukua ungo wake, akanipa mgongo. Kesho yake nikaenda kwa mjomba Maalim nipate la kumjibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mnyama anaumia. Nikasema anaumia. Akasema, "Dini haikukukataza kumhurumia, mwanangu. Imekufunza kunawa." Basi nikajitengenezea utaratibu: dera moja kuukuu ya kazi hiyo tu, glavu za hospitali, ndoo, na mchanga safi kwenye kopo.

Siku ya kwanza, wallahi, nilisimama mlangoni robo saa nzima. Alikuwa amelala ameuelekea mlango, mbavu zinahesabika, na kila mtu akipita nje anainua kichwa, kisha anakirudisha sakafuni. Hakuwa akiningoja mimi. Nikapiga magoti kando yake. Nilipomgusa paja akajikaza na kuonyesha meno, nikaruka nyuma nikaipiga ndoo teke. Nikakaa pale sakafuni nimelowa, nalia, nakulaumu. Ndiyo, nilikulaumu, kwa sauti, kwa kuniachia mbwa.

Nilipomaliza kulia nikafanya nilichokizoea. Nikasema, "Haya. Tunaanza mguu wa kulia. Taratibu, taratibu."

Masikio yakasimama.

Alinijua, Mwende. Mikono yangu alikuwa haijui, lakini sauti alikuwa ameisikia miezi miwili, kila siku, kutoka kwenye kile kiti. Nikaendelea kusema. Kunja. Shikilia. Mkono wangu ukaenda pale ulipokuwa ukienda wako, na safari hii hakujikaza. Chini ya manyoya kulikuwa na joto ambalo sikulitarajia, na misuli ya paja ilikuwa imekonda kama ya wagonjwa wangu wanaolala kitandani mwezi mzima. Nikahesabu mpaka kumi. Alipokula wali na samaki kutoka kwenye sahani yake, nilishukuru kwa Kiarabu.

Basi nikawa nakwenda kila alasiri nikitoka kazini. Sindano zako sikuzigusa, hiyo si elimu yangu. Yule yule daktari aliyekuwa aje Ijumaa ndiye aliyekubali kuja kumchoma dawa za kupunguza uvimbe, mimi nikabaki na viungo. Nilipitisha leso yangu chini ya tumbo lake, ile ya zambarau uliyokuwa ukiitamani, nikambeba nyuma huku anatembea kwa miguu ya mbele. Nilimsimamisha juu ya mto laini ili mwili utafute mizani wenyewe. Salim aliposikia akaja na gari lake, akatupeleka Bamburi maji yakiwa yamekupwa, kwenye vidimbwi vya vuguvugu vilivyobaki miambani. Ndani ya maji mwili ulimwia mwepesi. Miguu ya nyuma ilianza kupiga, bila mpango, kama mtoto anayejifunza kuogelea. Salim akasema, "Maashallah, huyu anakumbuka."

Wiki ya tatu alirudi nyuma. Alipata kidonda nyongani, akakataa kusimama siku tatu, na nilipomgusa alilia. Nilikaa na simu mkononi, namba ya daktari iko mbele yangu. Nikajiuliza namtesa kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nikaosha kidonda, nikamgeuza upande wa pili, nikamwacha apumzike. Nilipofika nyumbani mama aliniangalia nilivyoingia.

"Yuwala?" akauliza.

"Kidogo tu, mama."

Akaenda jikoni, akarudi na mfuko wa vichwa vya samaki vilivyochemshwa. "Mpelekee," akasema. "Na usije ukanigusa na nguo hizo."

Siku ya nne Rubani alisimama. Siku ya saba nilikuwa nafungua mlango wa uani, leso iko begani kwangu, nikasikia kucha sakafuni nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa ameacha godoro lake, amekuja hatua sita peke yake, amesimama miguu imepanuka kama meza mbovu. Sikumsogelea. Niliogopa nikipumua ataanguka. Kisha akakaa, kwa heshima zake, akanitazama kama anayeuliza mbona sisemi.

Mwisho wa mwezi Mutinda alifika kuchukua kitanda na kabati. Rubani akamwendea mpaka miguuni. Mdogo wako akarudi nyuma mpaka ukutani, mikono juu, halafu nikaona uso wake unabadilika. Akasema, "Mwende alisema atatembea. Mimi nilimcheka." Akatoka nje kumpigia simu mama yenu. Aliporudi akaniambia, "Mama anasema mbwa aje. Anasema katika vitu vyote vya Mwende, hicho ndicho chenye uhai."

Nilimsaidia kumpakia kwenye pikapu, kwenye godoro lake, kivulini mwa kabati lako. Nilimpa Mutinda karatasi mbili za mazoezi. Nilidhani nitafurahi. Niliporudi ndani ya ile nyumba tupu nilikosa pa kukaa, hata kile kiti kilikuwa kimeshapakiwa.

Mama yako hunipigia kila Jumapili baada ya kanisa. "Mwanangu, huyu anatembea kama mlevi, lakini anatembea. Jana amemfukuza kuku." Kisha hunishukuru. Anasema Mungu alikupa rafiki. Anasema nilikuwa nawe mpaka mwisho.

Hapo ndipo ninaposhindwa, Mwende, na ndiyo sababu ya barua hii.

Ile Jumatano ulinipigia saa saba mchana. Nilikuwa na wagonjwa watatu kwenye benchi na mmoja kitandani. Ukasema, "Shoga, kichwa kinaniuma, sijawahi kuumwa hivi." Nikakwambia meza vidonge viwili vya maumivu, lala, ni jua hilo. Ukasema sawa. Sauti yako ilikuwa nzito na nilisikia kwamba ni nzito. Mimi mfanyakazi wa hospitali, nilisikia. Alhamisi asubuhi ukaanguka ukinawa mikono kliniki kwako, na madaktari wakasema mshipa ulipasuka kichwani. Labda ningekwambia njoo sasa hivi na bado tungekupoteza. Mwenzangu mmoja kazini ameniambia hivyo mara nyingi. Labda. Lakini wewe ulimfinya mbwa kidole ukangoja aonyeshe kama anasikia. Mimi ulinieleza kwa mdomo wako na sikuuliza hata swali la pili.

Hakuna anayejua isipokuwa huyo mwenzangu, na sasa wewe. Hata mama yangu hajui.

Sikuombi uniambie si kosa langu. Ungesema tu, nakujua, ungesema haraka ili nisiumie. Nakuomba msamaha, basi. Kwa kukuharakisha.

Siku hizi mgonjwa akiniambia kitu kinamuuma naketi. Benchi inanung'unika, na mimi naketi. Salim naye ameniletea farasi mwingine, wa rafiki yake, mguu wa nyuma hauinuki vizuri, na Jumamosi nitakwenda kumpapasa. Na jana mwanamke mmoja wa Kiembeni amenisimamisha njiani akauliza kama ni mimi ninayetibu mbwa. Nilitaka kusema hapana. Nikasema ndiyo, lakini mwite daktari kwanza.

Kwaheri, shoga yangu. Mungu tunayemwita mimi na wewe kwa majina tofauti akulaze pahali pasipo maumivu.

Mwezi ujao nina likizo, na mama yako nimeshamwambia nakuja Kitui. Amefurahi, anasema atachinja. Sijamwambia ninakuja na nini. Nakuahidi nitamweleza ile simu neno kwa neno, nikimtazama usoni, kabla sijapokea kikombe chake cha chai.

Wako,
Mwanasha