Gramafoni Iliyoimba Mbio

Chebet mjukuu wangu,

Chamgei. Huku Kabianga tu wazima, na mama yako bado anachuma chai. Unauliza kama umrudie fundi aliyeharibu redio yako.

Nikiwa msichana, kabla ya vita vya Hitler, fundi wa Kericho alitengeneza gramafoni yetu, lakini ikawa inaimba mbio, sauti kama za vifaranga. Baba akakata tamaa. Mimi nikaibeba kichwani mpaka dukani kwa fundi, nikaweka santuri ikaimba mbele ya wateja. Walicheka.

Fundi hakucheka. “Dada, nimekosa. Keti uone ninavyoifungua.”

Aliirekebisha, akaniambia, “Sikiliza kwanza ndipo uende.” Tangu siku hiyo aliwaambia wateja wote hivyo.

Rudi kwa fundi wako, mama. Iwashe redio, unyamaze, asikie mwenyewe.

Kogo wako