Kutoka Moba hadi Kalemie, Bila Wewe

Yaya,

Nimerudi. Nimefika jana na treni, vumbi mpaka kwenye nyusi, na leo sikufungua cherehani. Nimekaa barazani, upande ule wako wenye jua la asubuhi, ninakuandikia. Wewe, dada yangu mkubwa, ulikuwa mwalimu, kwa hiyo ninajikaza kuandika Kiswahili cha darasani, si kile chetu cha nyumbani. Ukiona makosa, nyamaza tu. Kwa mara moja, nyamaza.

Nikupe kwanza habari za hapa. Kilio chako kilijaa watu. Parsela nzima, uwanja wetu wote, ilikuwa turubai na viti, mvua ikipiga juu, na mimi nilikuwa mtu wa sufuria na makaa: nani amekula, nani hajala, nani atalala wapi. Sikulia. Walisema Monika ana nguvu. Halafu viti vikarudishwa, watu wakaenda, na ndipo nilipojua nyumba yetu ni kubwa. Napika bukari, ugali wetu, kidogo sana, na bado inabaki. Kanisani wamemweka mama mwingine kwenye nafasi yako ya kwaya. Anaimba vizuri, na ninamchukia. Na watu hawakutaji tena, Yaya. Nadhani wanaogopa kuniumiza. Siku nyingine napita sokoni kutwa nzima bila kusikia jina Georgette kwenye kinywa cha mtu.

Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, mwanangu Patrick alinipigia simu kutoka Kolwezi. "Maman, mwaka huu upumzike. Uje kwetu, wajukuu wanakungoja." Nikamwambia ndiyo. Asubuhi yake nikakuta nimeshusha mifuko yetu ya mgongoni kutoka juu ya kabati. Yote miwili. Wako nikaurudisha.

Unakumbuka mara ya kwanza? Tulikuwa tunakwenda Mpala kumwona shangazi, mimi nina ujane wa mwaka mmoja tu, na mtumbwi wa injini ukafia pale bandarini Moba. Watu wakalala juu ya mizigo yao kungoja. Wewe ukafunga kitenge kiunoni ukasema, "Tutembee. Miguu haikuwake na moteri ya kufa." Tulifika miguu imevimba kama mihogo. Shangazi akalia alipotuona, akidhani tumefukuzwa na vita. Nawe umekaa chini, miguu ndani ya beseni, unacheka: "Mwaka kesho tena, na tufike mpaka Kalemie." Jirani zetu wa Annexe, hapa Lubumbashi, hawakuielewa likizo yetu hata siku moja. "Bakansi gani ya kujitesa?" Kila kiangazi walituaga kama watu wanaokwenda kufanyiwa operesheni.

Mwaka huu, badala ya kwenda Kolwezi, nilipanda lori la Pweto, nikashuka Moba, nikaanza asubuhi.

Pwani ya ziwa ni ileile. Njia bado inapanda mwamba, inashuka kwenye mchanga, inapanda tena. Hakuna barabara, hakuna nguzo za umeme. Michikichi ile mirefu iliyopandwa na watu wa misafara ya zamani bado imesimama kwa mistari, kama inangoja mtu arudi kuhesabu. Maji yanaonyesha mawe mpaka chini kabisa. Ndakala, dagaa wetu, zimeanikwa mchangani, zinang'aa. Vyote viko, Yaya. Lakini mimi nilikuwa natembea kama mtu aliyetumwa.

Siku ya pili nilipita rasi ile yenye mawe mekundu, na chini yangu nikaona fisi-maji, familia nzima, wanateleza kwenye jiwe, wanaingia majini, wanatoka, wanasukumana. Miaka yote ile uliwatafuta ukawakosa. Nikageuka nikasema kwa sauti, "Yaya, ona!"

Njia ilikuwa tupu. Upepo wa kusini tu, na majani. Nilipogeuka tena hata wale wanyama walikuwa wamekwisha kimbia, kwa sababu ya sauti yangu.

Nilikaa pale mpaka jua likanichoma shingo. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile, hata siku nilipomzika mume wangu. Siku ile wewe ulikuwepo.

Mchana huo nilifika kwa Mama Feza, rafiki yetu tunayelala kwake kila mwaka. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua majani ya sombe. Aliponiona akainuka kwa fimbo yake, akatazama nyuma ya bega langu, na kabla ya salamu akauliza, "Na yaya yako?"

Sijui nilikuwa na nini. Kila mwaka mimi natangulia, wewe unakuja polepole unaokota mawe, na kila mwaka jibu langu ni moja. Likatoka lenyewe. "Iko nyuma. Anakuja."

Ungeona uso wake! Alifurahi kama mtoto. Alipiga makofi, akamshukuru Mungu, akawaita wakwe zake waongeze samaki wa mgebuka jikoni. Akanitandikia mkeka, akanipa maji ya kunawa. Chakula kikaiva. Alikifunika akasema, "Tumungojee. Hatukulake bila yeye."

Tukangoja. Niliangalia miguu yangu. Kila nilipofungua mdomo, aliniwahi na habari nyingine: magoti yake, wajukuu, mtumbwi mpya wa mwanawe. Chakula kikapoa. Mwishowe akashika fimbo. "Pengine mufuko iko nzito. Niende nimupokee." Nikasema hapana, Mama, kaa. Hakunisikia, au hakutaka. Akaanza kupanda mwamba ule, yeye mwenye mguu mmoja tu mzima, anaita juu ya njia: "Georgette! Eh, Georgette!"

Miezi yote ile nilikuwa na njaa ya kusikia jina lako, na sasa lilikuwa linaitwa kwa furaha, juu ya mawe, na mimi ndiye niliyelisemea uongo.

Nilikimbia. Nikamshika mkono. "Mama Feza, rudi. Hakuna mtu nyuma."

"Ulimuacha wapi?"

"Lubumbashi. Tulimuzika wakati wa mvua."

Hakunigombeza. Alikaa chini polepole juu ya jiwe, akavua kitambaa cha kichwa, akakishika mapajani. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka hapa. "Basi alisema kweli."

Yaya, kwa nini ulimwambia yeye?

Mwaka jana, mimi nilipokuwa nafua ziwani, ulimwambia kwamba kifua kinakubana, kwamba docta alikukataza kupanda vilima, kwamba pengine ndiyo safari yako ya mwisho. Ukamwomba: "Mudogo yangu akikuja peke yake, usimuache alale bila kula." Kwa hiyo mwaka mzima yule mama alikuwa anaiogopa siku ya kuniona peke yangu. Na aliponiona, nikamwambia unakuja. Ndiyo maana alipiga makofi.

Alianza kulia kwa sauti, kilio cha kwao, akikutaja na kukusifu: mwalimu aliyetoka mbali kwa miguu, rafiki asiyepita mlango wake. Wanawake wa kijiji wakatoka mmoja mmoja, wakapanda mpaka pale. Na mimi nililia, Yaya. Mwishowe. Nililia mpaka nikatapika, na mtu nisiyemjua akanishika kichwa. Kisha wakanishusha, wakapasha chakula moto, na Mama Feza akakaa mbele yangu mpaka nikala chote.

Asubuhi aliponisindikiza alisema neno moja tu. "Kijiji kwa kijiji, uwaambie. Ni bantu yake." Watu wako, Yaya.

Nikawaambia. Ilikuwa kazi nzito kuliko vilima. Kila mahali nilifika nikakuua upya. Yule mzee mtengeneza nyavu alivua kofia. Wale wasichana uliowafundisha kusoma kwenye mchanga walikimbilia ndani. Na kati ya kijiji na kijiji nilikuwa peke yangu, na nilikuwa nimekasirika. Nilitembea mpaka Mpala nikigombana nawe kwa sauti. Mvuvi mmoja alinipisha njia akidhani nina wazimu.

Mpala, ambako siku hizi hatuna tena shangazi, niliingia kanisani, lile la matofali ya kale, nikakaa benchi la nyuma kwenye ubaridi. Nikaikumbuka safari ya mwaka jana yote. Ulikaa kwenye kila kijito, ukasema ni viatu. Ulinitaka tupumzike kila penye kivuli, ukasema ni kwa ajili ya kutazama. Na ulitazama, Yaya. Ulitazama kama mtu anayekula. Ungeniambia, mimi ningefunga mlango wa parsela na kukuburuta hospitali, na ungekufa mwezi uleule, lakini bila kuliona ziwa. Ulinijua. Ndiyo sababu ulinyamaza.

Nimeelewa. Lakini sijamaliza kukasirika. Ningekubebea mfuko. Ningepunguza mwendo, ningetembea kando yako. Hilo tu.

Kalemie nilifika jioni, hakuna aliyepiga kelele za kushangilia. Nikanywa soda kwenye kibanda karibu na stesheni, miguu ikiwaka moto, na mwenye kibanda akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Moba. "Na mutumbwi?" Nikasema kwa miguu. Akacheka, akadhani ni mzaha, akaendelea kufuta chupa. Wewe ungebishana naye mpaka aamini. Mimi nililipa nikaondoka.

Na jana, nilipofika hapa na mzigo mgongoni, niligonga geti. Nilisimama kabisa, nikangoja kufunguliwa. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akaona, akarudi ndani. Funguo zilikuwa shingoni mwangu.

Sasa jua limehama upande huu, nami nikuache. Ulale vizuri, Yaya Georgette. Ninalisema jina lako lote, peke yangu hapa, kwa sauti. Kiangazi kijacho nitatembea tena, hata Patrick akikataa, na nitakaa kwa Mama Feza siku nyingi kuliko tulizozoea. Na siku kifua changu kitakapoanza kunibana, nitasema. Nitamwambia mwanangu siku ileile, nimwache alie, nimwache anibebee mfuko. Hilo sitakuiga. Mengine yote nitakuiga.

Mdogo wako,
Monika