Bogenvilia ya Getini

Baba Koki,

Chai iko kwenye thamosi. Mvua imeanza, kwa hivyo waridi za dirishani usizimwagilie maji, zitoe tu majani makavu. Matawi ya bogenvilia niliyookota nimeyatia kwenye ndoo ya buluu. Uyapande leo kwenye mikebe kabla hayajanyauka, na udongo uuchanganye na samadi.

Asubuhi nilisikia panga nikiwa bafuni. Kufika getini, bogenvilia yote iko chini, nawe unapima nafasi ya gari. "Ni maua tu, Mama Koki," ukaniambia. Maua hayo tuliyapanda wiki tuliyomzika mtoto wetu Muthama, na shimo la kuyapanda ulichimba wewe. Niliinama nikaokota matawi, majirani wakitazama.

Nimeenda kwa dada yangu mtaa wa Tena. ~~Sirudi.~~ Nitarudi Jumapili baada ya kanisa. Usinipigie simu.

Koki alienda shule kabla hujaikata. Unajua kila jioni husimama pale akampa kakake Muthama habari za darasani. Leo mngojee getini, umwambie wewe mwenyewe.

Mama Koki