Biro Ndani ya Kamba

Jumatatu, 2 Machi 2026
Papa Kasereka, bosi wetu, amekubali! Nina siku nne za kusikiliza watu. Jumamosi fundi Havugimana anaanza kujenga depo jipya, ghala la viazi, kwa mawe. Mbao ungezihamisha. Mawe, hapana.
Plani nimechora mimi. Ikifaa, nitakuwa msimamizi wa depo — papa alisema mbele ya wote. Isipofaa, narudi kuhesabu magunia.
Amenicheka kwa kuwaita wabebaji na wanunuzi. Eti mutu anajenga na fundi, hajengi na muji muzima! Nilimjibu kwa heshima: hao ndio watakaoingia humo kila siku, papa.

Jumanne, 3 Machi
Kikao. Watu kumi na mmoja. Nimeweka plani mezani, nikauliza kama inafaa. Wote: inafaa. Mama Masika, mkubwa wa wanawake wabebaji, naye akasema, "Iko muzuri, papa." Lakini alimtazama papa, si karatasi.
Dakika ishirini, sijajifunza kitu. Kosa langu. Ukimuuliza mutu mbele ya patroni, jibu linamwendea patroni.
Kesho hakuna meza. Hakuna maswali.

Jumatano, 4 Machi
Tulikuwa kiwanjani. Chaki haishiki kwenye mawe ya volkano, kwa hiyo nilitumia kamba na bidon za njano, madumu ya maji. Kamba ni kuta, bidon ni pembe. Depo zima, kwa ukubwa wake wa kweli. Niliwaambia tu: fanyeni kama asubuhi ya kazi. Papa alikuwa Kibati kupokea lori. Afadhali!
Mwanzo walicheka. Kisha wakasahau kucheka. Valérie, anayenunulia kantini ya shule, alijifanya anafungua gunia, akalalamika kwamba hapo ni giza, ataonaje viazi vilivyooza?
"Mama, jua liko juu ya kichwa yako!" mbebaji mmoja akamwambia.
"Leo. Na ukuta ukikuja?"
Haki yake. Tumepata mahali pa dirisha.
Wabebaji waliingia mlangoni, wakapinda kushoto mbele ya biro, ofisi ya papa, wakashusha stoo. Bila shida. Nimeandika: njia, sawa.

Alhamisi, 5 Machi
Njia si sawa.
Asubuhi mama Masika alinikuta peke yangu. "Mutoto yangu, jana tulibeba magunia ya bure." Akaondoka.
Magunia matupu! Nimeleta viazi vya kweli, kilo hamsini, kamba ya kubebea kwenye paji la uso kama siku zote. Wa kwanza aliingia, akafika kwenye kona, akaendelea moja kwa moja. Juu ya kamba ya ukuta. Katikati ya biro! Wa pili vilevile. Wa tatu alijaribu kupinda, akayumba, akaangusha bidon.
Ukibeba kwa paji, shingo haigeuki. Unaona miguu yako tu. Kona ile niliichora nikiwa nimebeba kalamu.
Dawa ni rahisi: biro ihamie pembeni, njia inyooke. Lakini biro ni ya papa. Havugimana anasema yeye atajenga penye kamba, sisi tupatane.

Ijumaa, 6 Machi
Papa amekuja. Nimemweleza yote. Biro haihami, anasema. Mwenye mali lazima awe wa kwanza kuonekana. Na hawa wanawake watazoea tu.
Wanawake wamemtazama papa. Nimeona "iko muzuri" inapanda tena midomoni mwao. Sijawauliza. Nimesema: papa, biro ni yako, basi jaribu wewe wa kwanza kupita hapo na gunia.
Amecheka sana! Eti Butembo, ujana wake, alibeba kushinda hiyo.
"Basi, muzee," mama Masika akasema, "shingo haisahau."
Papa amevua koti.
Naandika hapahapa, daftari juu ya bidon. Mama Masika anamwekea kamba kwenye paji. Watu wawili wanamwinua. Amesimama! Havugimana ameacha kutabasamu. Papa ameingia mlangoni. Hatua tatu. Nne. Sauti inatoka chini ya gunia:
"Dative, kona iko wapi?"
Wote wananitazama. Namwacha aitafute mwenyewe. Mguu wake wa kulia umegusa kamba ya biro —