Goli la Iddi Kule Chake

Kaka yangu Hamadi,

Tangu tukuzike nimekuwa nikizungumza nawe kimoyomoyo, nikienda shamba na nikirudi. Leo nimeona niandike, kwa sababu lipo neno moja ambalo mdomo wangu haukuwahi kulitoa ulipokuwa hai. Ni habari ya ule msimu wetu wa ligi, na hasa ile Jumamosi ya Chake. Nataka wengine nao wasome, maana wengi waliisikia kwako, na uliyowasimulia hayakuwa yote. Yaliyobaki hukuyajua.

Wewe ulikuwa kepteni wa timu yetu ya Wingwi, beki wa kati, na mimi winga wa kushoto. Tulicheza miguu mitupu. Kabla ya kila mechi ulichana kitambaa kwa meno, ukajizongea kidole gumba cha mguu wa kulia, ukasema, "Haya, mwenye roho aje." Hakuna aliyetudhania kitu mwaka ule. Tukawashinda Wete kwao. Tukatoka sare Mkoani, siku ile mvua ilipojaza kiwanja na mpira ukawa mzito kama gunia lililoloa. Miaka ile ya siasa watu walisusiana hata maziko, lakini ndani ya lori la kwendea mechi tulikaa goti kwa goti. Aliyeanza maneno ya vyama ulimwambia, "Teremka, uende kwa miguu." Hakuna aliyeteremka.

Ligi ikasimama kwa mwezi wa Ramadhani, imebaki mechi moja, sisi na Chake. Tukishinda, kombe letu. Tukitoka sare, lao. Kamati ikaipanga Jumamosi, kwa hisabu yao kwamba itakuwa Iddi. Hawakuuliza mwezi.

Ijumaa magharibi, siku ya ishirini na tisa, Wingwi nzima tulisimama tukitazama mawingu. Shehe wetu akasema, "Hatukuuona, na habari haijatufikia. Kesho tunafunga." Simu hatukuwa nayo, na redio ya dukani ilikuwa imekwisha betri. Asubuhi tukapanda lori na saumu zetu.

Tulipoingia Chake tukakuta watoto wana nguo mpya na watu wanapeana mikono ya Iddi. Wao walikuwa wameuona. Vijana wao wakatuzunguka.

"Nyie watu wa Wingwi, mwezi wenu bado uko njiani?"

"Utakuja na lori la jioni!"

Baadhi ya wenzetu wakaikubali habari ile, wakenda kula. Hukuwazuia. Ulisema tu, "Kila mtu na roho yake. Mie Shehe kaniambia nifunge, na Shehe ndiye atakayeniambia nile."

Golikipa wetu akakuvaa: "Kepteni, kufunga siku ya Iddi haramu, weye!"

"Na kula Ramadhani je?"

Ukamtuma mtu kwa baiskeli arudi kumuuliza Shehe, ukenda kukaa kivulini, penye ukuta wa msikiti. Nikakaa kando yako. Ukaniuliza, "Faki, na wewe?" Nikasema, "Niko nawe, kaka." Ukanitazama kwa namna ambayo sijatazamwa na mtu tena.

Nilikusudia hivyo, wallahi. Lakini ilipofika adhuhuri nilikwenda kutafuta maji ya udhu nyuma ya nyumba moja, na bibi nisiyemjua akanishika mkono. "Mjukuu wangu, Iddi gani hii hujala bokoboko?" Akanipakulia sahani ya ngano iliyopondwa na nyama, samli ingali moto juu yake. Nikala. Nikaomba nyongeza. Kisha nikasukutua, nikapaka vumbi midomoni ili ionekane mikavu, nikarudi kukaa kando yako.

Sikula kwa sababu niliisadiki habari ya mwezi. Nilikula kwa njaa. Hilo ndilo ninalotaka ulijue.

Mpaka mechi inakaribia kwisha tulikuwa tumefungana goli moja kwa moja. Refa akatupa penalti. Penalti zote za msimu ulipiga wewe. Uliuweka mpira, ukarudi nyuma hatua mbili, paja likakukaza, ukainama. Ukaniita. "Piga wewe, mdogo wangu. Wewe bado una miguu." Nilikuwa nayo, kaka. Nikapiga chini, kulia, ukaingia. Wenzetu wakanibeba juu. Wewe ulikuwa umekaa chini katikati ya kiwanja, unalia na kucheka.

Njiani, jua halijazama, tukakutana na yule wa baiskeli, anapiga kelele toka mbali: "Shehe kasema imethibiti! Fungueni, ni Iddi!" Lori likasimama, mtu akaangua madafu. La kwanza ulipewa wewe, midomo yako imepasuka, nawe ukanipa mimi. "Kunywa kwanza, uliyetutilia goli na saumu kinywani." Nikalishika kwa mikono miwili, nikanywa mpaka tone la mwisho, kama mwenye kiu.

Hapo ndipo ningesema. Sikusema, na wewe ukaanza kusimulia, kwenye harusi, kwenye kambi za karafuu, mbele ya wanangu. "Huyu mdogo wangu mnayemwona..." Mkono wako begani kwangu, nami nikitazama chini, watu wakidhani naona haya. Mara moja, katika ugonjwa wako, nilianza: "Kaka, siku ile ya Chake..." Ukanikatiza, "Hebu nisimulie mie, weye huisimulii vizuri." Nikakuacha usimulie.

Wiki iliyopita mwanao Omari alinitaka nikaisimulie kwa vijana wa timu. Nikawaambia yote, bokoboko na vumbi la midomoni. Walicheka mpaka wakashikana. Mmoja akasema, "Mzee Faki, si ilikuwa Iddi? Ulikula halali yako." Omari akasema, "Ami, baba angecheka tu." Nikarudi nyumbani moyo mzito kuliko nilivyokwenda. Walinisamehe wote, na hakuna hata mmoja niliyemdanganya.

Mimi nilitaka ukasirike wewe. Uniite mwongo mkubwa, unisusie siku tatu, kama ulivyonisusia nilipoipoteza baiskeli yako, upite mlangoni kwangu ukitazama upande wa pili. Maana siku ya nne ulikuja mwenyewe, ukapiga hodi, ukaniuliza kama nimekula.

Siku tatu zimekwisha tangu niwaambie, na ya nne ikapita. Leo ni ya saba. Hodi sijaisikia.

Lala katika rehema za Mola, kaka. Tutakapokutana, wewe ndiye wa kuanza kusema, na lolote utakalosema nitalipokea.

Nduguyo wa tumbo moja,
Faki