Folda Niliyoiita Siri

Itigi,
Alhamisi.

Kwa kaka Raymond,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Ikungi, wewe na kazi zako za kompyuta. Sisi huku afya tunayo, ila amani hatuna. Mama anakusalimu, anauliza kama bado unakula mchana au unashinda na soda. Ningekupigia, lakini simu anashinda nayo baba, na unajua mimi kwenye simu huwa naishia kusema ndiyo.

Kaka, tumeibiwa. Mizinga kumi na moja ya kikundi chetu cha nyuki imerinwa kwa siku mbili, na mwizi hakutafuta. Nyayo zimeingia kichakani moja kwa moja, mti hadi mti. Unajua huku kwetu mtu hamwambii hata mkwewe ametundika mizinga wapi. Ile orodha ya namba za GPS, za kuonyesha kila mzinga ulipo, iliandikwa tu kwa sababu mnunuzi alitaka kujua asali inakotoka, na kila mwanachama alikwenda kumnong'oneza katibu, Mzee Chediel, mlango umefungwa.

Kwa hiyo wote wanamtazama yeye. Baba, kwa uenyekiti wake, ameitisha kikao Jumamosi cha kumfukuza. Mashineni wanamuuliza mkewe, Mama Loyce, kama siku hizi anasonga ugali kwa asali. Juzi alirudi nyumbani na mahindi yake bila kusaga.

Sasa nikueleze habari ya tovuti. Mwezi uliopita baba alinipa orodha niichape, niiweke kwenye akaunti ya tovuti ya kikundi ili wewe umtumie mnunuzi. Uliniambia niiweke nje ya public_html. Nilipofungua nikakuta folda nyingi, mail, logs, tmp, na hiyo public_html. Nikawaza kama nyumbani: wageni wanaishia sebuleni, asali inakaa chumba cha ndani kabisa. Nje ndiko vitu vinakoibiwa. Nikadhani umekosea kuandika, nikaona aibu kukuuliza. Basi nikaingia public_html, nikatengeneza folda ndani ya folda, na ndani yake nyingine, hiyo ya mwisho nikaiita siri. Orodha nikaiweka humo.

Wiki iliyopita shuleni Mwalimu Anastazia alitufundisha kwamba chochote kilicho ndani ya public_html dunia nzima inaweza kukifungua, hata ukizike chini kiasi gani, na kilicho nje yake mgeni hakifikii. Nathan, tunayekaa naye dawati moja, akasema kumbe huko ndani ndiko barazani. Darasa likacheka. Mimi nikaandika anwani ya tovuti yetu na majina ya folda zangu, bila nywila yoyote. Orodha ikafunguka. Nikatafuta jina la kikundi mtandaoni, ikaja ya pili.

Nikafungua logs. Kule kumeandikwa kila faili iliyofunguliwa, siku na saa. Orodha ilifunguliwa mara kumi na tisa kabla ya wizi. Na nani, sijui. Nikaitoa pale siku hiyo hiyo, kisha nikanyamaza.

Hilo la kunyamaza ndilo linaloniuma. Jumapili baba alimwita Mzee Chediel nyumbani, na mimi niliyewapelekea chai nilikuwa tayari najua. Mzee aliapa hajamwonyesha mtu orodha. Baba akanigeukia, akaniuliza kama nakala yangu ilikaa salama. Nikasema ndiyo. Mzee akanishukuru kwa chai, hakuinywa.

Uliwahi kuniambia hizo logs zinajifuta baada ya siku thelathini. Tangu orodha ifunguliwe mara ya kwanza, leo ni ya ishirini na nane. Ningesubiri mbili tu, kaka, ushahidi ungeanza kufutika, na nilifikiria kusubiri. Leo asubuhi nimezichapisha pale stationari, kurasa mbili.

Mpaka hapo barua hii nimeiandika mara mbili. Nakala moja nimempelekea Mzee Chediel mchana huu pamoja na zile kurasa, nikamwomba aisome Jumamosi mbele ya wote, maana mimi nikisimama sauti haitoki. Aliisoma yote akiwa amesimama mlangoni. Akasema ataisoma, ila nikae kiti cha pembeni yake, na baba asiisikie kwa mara ya kwanza kikaoni. Nimwambie mwenyewe, leo.

Baba ndio anaingia, namsikia anaegemeza baiskeli ukutani. Wasalimie wote hapo, na orodha nyingine msinipe kwanza.

Mdogo wako,
Eliana