Miwani ya Yaya Bosco

Yaya Bosco,

Nina habari yako, na nimekuwa na hamu ya kukupa kwa majuma kadhaa sasa: ulikosea. Dai lako la mwisho, lile uliloliacha ubaoni ukaenda nyumbani kupumzika na homa yako na hukurudi tena, lina tundu. Tena tundu kubwa. Usinune. Nakuona kabisa unavyovua miwani yako, ile iliyofungwa waya katikati, unaipangusa kwa shati na kuniuliza, wapi? Tulia, nitakuonyesha.

Nilikuita yaya tangu siku niliyoingia katika kikundi chetu cha utafiti wa hesabu, kwa kuwa kwetu yaya ni kaka mkubwa, nawe ulinitangulia kwa kila kitu, na hasa kwa ubishi. Unakikumbuka kiti cha plastiki cha bluu, karibu na mlango. Desturi yake uliianzisha mwenyewe: anayekaa pale kazi yake ni kukataa. Sisi tukishaanza kushangilia uthibitisho, wewe unaegemea ukuta na kusema, "Bon, mi sijaamini bado." Mara ngapi nilitaka kukurushia chaki! Kuna siku uliikataa hoja yangu mpaka nikatoka nje kununua makemba, zile ndizi za kuchoma, ili nijitulize, na nikiwa natafuna ndipo nikaliona kosa. Nilirudi nikakupa kipande. Ukakila kimya, huku unacheka kwa macho tu.

Tulipokwisha kukuzika, kiti kile hakuna aliyekikalia. Papa Lokwa, mkuu wetu, alikifuta vumbi kila Jumatatu kabla ya kikao, basi. Na sisi tukawa wapole, Yaya, wapole mpaka inachosha. Mwenzetu Trésor anaandika ubaoni, sote tunasema ndiyo, tunapiga makofi, tunakwenda nyumbani. Nilikulilia zaidi katika makofi yale kuliko makaburini.

Kisha Papa Lokwa akaamua tufanye semina ya kukukumbuka. Tueleze dai lako mbele ya fakulte nzima, mkeo Maman Ernestine akae mstari wa mbele na watoto, halafu makala itoke ikiwa na jina lako. Nani angethubutu kulikagua? Tulilitunza kama tunavyotunza kaburi lako, tunapalilia pembeni tu.

Uthibitisho wa dai lako ulianza hivi, nikukumbushe. Chora mtandao wowote wa njia. Futa kila njia inayoishia pasipo na pa kutokea, na ukiona nyingine imebaki hivyo, ifute nayo, mpaka ziishe. Ukimaliza, uliandika, ni wazi kwamba kila njia iliyobaki iko kwenye mzunguko: unaipita, unarudi ulikoanzia bila kuikanyaga mara ya pili. Ni wazi! Wewe uliyetukataza neno hilo kama mama anavyokataza matusi.

Siku ya mazoezi ya semina nilichelewa. Nilikuwa nimelala kwa mama mkwe wangu, kule Lubunga ng'ambo ya mto, na mwenye mtumbwi alikataa kuvuka mpaka apate abiria wa kutosha. Nami ningepita wapi pengine? Nilipofika, wanafunzi walikuwa wamejaza chumba, kimebaki kiti chako peke yake. Nikakaa. Trésor alikuwa ubaoni, ndiyo kwanza amefika kwenye lile "ni wazi", na mimi bado nakamua maji ya mto kwenye pindo la kitenge, bado nina hasira na kivuko. Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Bon, mi sijaamini bado."

Trésor akageuka, uso umemshuka. "Aziza! Unakatala marehemu? Semina iko kesho! Maman Ernestine anakuya!"

Papa Lokwa alininyooshea chaki. Nikaichukua. Dai likianguka, makala inaanguka, na jina lako linaanguka nayo. Nilihisi nakubomolea nyumba huku wewe huwezi hata kutoka nje kunigombeza.

Nikachora mzunguko: mitaa ya Makiso, upande wetu wa mto. Nikachora wa pili: mitaa ya Lubunga. Katikati mstari mmoja tu: kivuko. Hakuna njia hata moja isiyo na pa kutokea. Haya, pita kwenye kivuko, kisha urudi Makiso bila kivuko. Utarudi kwa kuogelea? Wewe, mtoto wa Yanonge, uliyekulia ndani ya mtumbwi, ulisahau mto!

Aliyeanza kucheka ni Trésor. Halafu watu wote wakawa ubaoni, kila mmoja na chaki yake, tunakatana maneno, tunafutiana mistari, tunabishana kama zamani. Lo, nilivyofurahi! Dawa ikapatikana: tukate kwanza kwenye vivuko, tushughulikie kila ng'ambo peke yake, kisha tuunganishe. Uthibitisho umekuwa mfupi kuliko wako, na unafika kwenye mitandao ambayo wako haukuigusa. Dai lako limesimama, Yaya, tena limenenepa.

Kwenye semina nilieleza yote, na kosa lako pia. Niliogopa kumtazama Maman Ernestine. Nikachora ile mizunguko miwili na mstari wake, na nikasikia sauti yake nyuma yangu:

"Lakini ile iko miwani yake!"

Nikageuka kuutazama ubao vizuri. Ni kweli. Vioo viwili na waya katikati. Ukumbi ulicheka mpaka dekano, mkuu wa fakulte, akashika tumbo, na mke wako akajipangusa macho kwa kitambaa cha kichwa. Kisha akasimama, akatuambia sote: "Ku nyumba alikuwa anakatala hata chumvi. Napika pondu, anaonja, anasema, mi sijaamini bado. Alors, leo iko zamu yake ya kukataliwa!"

Makala tumeituma jana. Jina lako limo pamoja na yetu, na mchoro ule tumeuita miwani ya Bosco. Kiti chako sasa tunakikalia kwa zamu. Jumatatu iliyopita ilikuwa ya Papa Lokwa, na unajua adabu yake: "Pardon, mutanisamehe, mi... siamini kidogo." Tulishindwa kuendelea kwa kicheko.

Nimekukumbuka sana, lakini sasa nakukumbuka nikiwa nacheka. Lala salama, yaya wangu. Nakuahidi kiti hakitakaa kitupu tena. Na kama huko uliko umeusoma uthibitisho wetu na bado hujaamini, usimwambie mtu. Nitunzie mashaka yako mpaka nije, nitakuja na chaki.

Mdogo wako,
Aziza